Kazi ya Mwenye Kuzuia



Liko swali ambalo kila mtu hujiuliza japo mara moja katika umri wake, aghalabu usiku, watu wakishalala: Kazi hii ninayoifanya, isiyotazamwa na mtu wala kutajwa na mtu, ina thamani gani? Mama aliyepika na kufua miaka thelathini hujiuliza. Mwalimu wa watoto wadogo, ambao wakishakua humsahau, hujiuliza. Na mlinzi wa ghala hujiuliza kuliko wote, kwa kuwa kazi yake ikitimia huwa hana cha kuonyesha. Mwenye ghala akimwuliza asubuhi, "Usiku kucha umefanya nini?" jibu lake ni moja tu: "Hapakutokea kitu." Na huko kutotokea kitu ndiko alikoajiriwa.

Leo nataka tulitazame swali hili kwa mfano ambao pengine hukuutarajia katika kurasa hizi. Nataka tumtazame mcheza mpira. Tena si mfungaji wa mabao ambaye picha yake imebandikwa ukutani, bali beki; na si beki aliyelelewa katika mapambo ya klabu kubwa, bali beki wa madaraja ya chini, mtu wa nchi ya Ureno. Usilifunge jarida, msomaji. Vijana wetu wanayajua majina ya wachezaji wa Ulaya kuliko wanavyoyajua majina ya babu zao, na jambo liingialo majumbani mwetu bila ya hodi ni wajibu wetu kulikalia kitako, tuone limebeba nini.

Huenda mwingine akanuna: Mreno tena? Ni kweli kwamba jina hilo katika pwani yetu halikuzoeleka kwa wema. Ngome ya Mombasa, waliyoanza kuijenga mwaka 1593, ingali imesimama, na mambo ya zama zile, hadi ilipotekwa na Waomani mwaka 1698, hayakusahauliwa. Lakini insafu ni kumpima mtu kwa tendo lake, si kwa matendo ya watu waliokufa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Tena tazama ajabu ya lugha yetu: watangazaji wa mpira, safu ya mabeki huiita "ngome". Basi na tuitazame ngome hii nyingine ya Mreno, isiyokuwa na mizinga.

Beki ni mtu gani

Mshambuliaji akikosa mara tisa na kufunga mara ya kumi, husifiwa kwa ile moja. Beki akizuia mara tisa na kukosea mara ya kumi, hulaumiwa kwa ile moja. Hesabu ni ile ile, hukumu ni mbalimbali. Bao lina mwenyewe, lina dakika yake, huandikwa katika vitabu. Lakini bao ambalo halikufungwa, kwa sababu mtu mmoja alijua pa kusimama kabla mpira haujafika, halina mwenyewe wala halina dakika. Ni kama mtoto ambaye hakuanguka kisimani kwa kuwa mtu alikifunika kisima jana yake. Nani atamshukuru aliyekifunika? Hata mtoto mwenyewe hajui.

Hayo ni ya beki popote alipo. Sasa mweke beki huyo katika daraja la chini la Ureno. Tangu ligi ya nchi ile ilipoanza katika miaka ya 1930, ubingwa umezunguka katika mikono ya klabu tatu: Benfica na Sporting za Lisbon, na Porto. Nje ya hizo tatu, ni mbili tu zilizowahi kuutwaa: Belenenses mwaka 1946, na Boavista mwaka 2001. Klabu nyingine zote, na ni nyingi, hucheza msimu baada ya msimu zikijua kwamba kombe si lao. Na chini ya daraja la kwanza liko la pili, na chini ya la pili liko la tatu, lililoundwa upya mwaka 2021, na chini yake zimo ligi ambamo mtu hucheza mpira jioni na mchana ana kazi nyingine.

Huko ndiko anakoishi mtu wetu. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja, labda miwili. Kila kiangazi hajui watoto wake watasoma mji gani. Magoti yake ndiyo mtaji wake, na mtaji huo hupungua kila akirukia mpira wa kichwa. Akifika miaka thelathini na mitano huambiwa kuwa mzee, na huanza kutafuta kazi katika umri ambao seremala ndiyo kwanza amekamilika ufundi. Wachezaji wa Ureno wana chama chao cha kutetea haki, kilichoanzishwa mwaka 1972, na chama hicho hufanya jambo moja ambalo nikilifikiri hunigusa moyo: wakati wa kiangazi, mikataba inapokwisha, huwakusanya wachezaji wasio na klabu wakafanya mazoezi pamoja, ili miili yao isije ikalala huku wakisubiri kuitwa. Wapige picha, msomaji: watu wazima, wenye wake na watoto, wanakimbia na kupangana uwanjani, nao hawana timu. Wanailinda kazi ambayo haijapatikana.

Kisa cha José Fonte

Katika watu wa namna hiyo tumchukue mmoja ambaye habari zake zi wazi. Naye ni José Fonte, aliyezaliwa Disemba 1983 katika mji wa Penafiel, kaskazini mwa Ureno, mtoto wa mcheza mpira. Alipokuwa kijana alilelewa na Sporting ya Lisbon, klabu yenye sifa ya kukuza vijana. Katika klabu hiyo hiyo, nyuma yake kwa mwaka mmoja na ushei, alikuwako kijana aitwaye Cristiano Ronaldo. Mwaka 2003 Ronaldo alichukuliwa na Manchester United, na ulimwengu ukamjua. Fonte akabaki katika timu ya pili ya Sporting, hadi mlango ukafungwa. Kikosi cha kwanza hakikumhitaji.

Hapo ndipo safari ilipoanza. Msimu wa 2004-2005 alicheza Felgueiras, katika daraja la pili. Ni mji mdogo unaojulikana kwa viwanda vya viatu. Klabu ilikuwa imelemewa na madeni, na mwaka 2005 ikavunjika. Akaenda Vitória ya Setúbal, mji wa bandari na wavuvi kusini mwa Lisbon, na huko akaonja daraja la kwanza. Januari 2006 Benfica ikamsajili. Ungedhani amefika. Hakufika. Benfica ilimpeleka kwa mkopo Paços de Ferreira, mji wa watengeneza samani, kisha Estrela da Amadora, kando ya jiji la Lisbon. Na Estrela nayo, haikupita miaka mingi, ikafilisika. Angalia jambo hilo: ngome mbili alizozilinda kijana huyu zilianguka, na hazikuangushwa na washambuliaji. Beki aweza kuuzuia mpira. Deni hawezi kulizuia.

Mwaka 2007 akavuka bahari kwenda Uingereza, Crystal Palace ya London, nayo ilikuwa daraja la pili. Kwanza kwa mkopo, kisha moja kwa moja. Akacheza huko misimu miwili na nusu. Halafu, Januari 2010, akiwa na miaka 26, alifanya jambo ambalo wengi wangeliona ni wazimu. Alishuka. Akaenda Southampton, klabu ya daraja la tatu, iliyokuwa ndiyo kwanza inafufuka kutoka katika madeni. Southampton ilikuwa imekatwa pointi kumi kwa ajili ya madeni hayo, hata msimu huo ikauanza ikiwa chini ya sifuri. Fikiri: mtu anaacha ngazi ya pili, anaingia ya tatu, katika nyumba ambayo hata sifuri ilibidi kuitafuta.

Katika ngome ile alisimama pamoja na Radhi Jaïdi, Mtunisia aliyekwisha kuwa mkongwe. Mwaka 2011 Southampton ikapanda daraja. Mwaka 2012 ikapanda tena. Hivyo Fonte akaingia ligi kuu ya Uingereza akiwa na miaka 28, si kwa kununuliwa na klabu iliyokuwa huko, bali kwa kuinyanyua klabu yake hatua kwa hatua hadi huko. Mwaka 2014 akawa nahodha. Na tarehe 18 Novemba mwaka huo huo, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 31, ndipo alipoivaa jezi ya taifa lake kwa mara ya kwanza, katika mechi dhidi ya Argentina mjini Manchester.

Mwaka 2016 Ureno ilikwenda Ufaransa kushindania Kombe la mataifa ya Ulaya. Mechi tatu za mwanzo Fonte alikaa nje na wachezaji wa akiba. Ureno ilitoka sare zote tatu, na ikafungwa mabao manne. Katika mechi ya nne, dhidi ya Kroatia, mwalimu Fernando Santos akamwingiza, na tangu hapo hakutoka. Kroatia, kisha Poland, kisha Wales, kisha Ufaransa wenyewe katika fainali. Mechi tatu katika hizo nne zilikwenda hadi dakika mia na ishirini. Jumla ni dakika 450, na katika dakika zote hizo bao lililoingia langoni mwa Ureno ni moja tu, la Poland, tena la dakika ya pili ya mchezo; Ureno ikasawazisha, na ikashinda kwa penalti. Tarehe 10 Julai Ureno ikaifunga Ufaransa bao moja kwa sifuri, ikatwaa kombe kubwa la kwanza katika historia yake. Ulimwengu ukamtaja Éder, aliyefunga. Na ni haki yake, naye pia ni mtu aliyepitia madaraja ya chini. Lakini bao moja hushinda pale tu ambapo hakuna jingine upande wa pili.

Yaliyofuata tuyapite upesi. Mwaka 2021 akiwa nahodha wa Lille, na umri wa miaka 37, alitwaa ubingwa wa Ufaransa kwa tofauti ya pointi moja na Paris Saint-Germain, na katika mechi 38 za ligi hiyo Lille ilifungwa mabao 23 tu. Mwaka 2024, akiwa na miaka 40, alijiunga na Casa Pia, klabu ndogo ya Lisbon.

Fundisho la haraka, na kasoro yake

Sasa, msomaji, najua ulimi wako uko tayari. Utasema: "Subira yavuta heri. Mvumilivu hula mbivu." Utamwita mwanao umwambie: "Waona? Huyu alisubiri, akalipwa. Nawe subiri, utalipwa."

Mimi nakuomba usiseme hivyo, au usiishie hapo. Methali hizo ni za kweli kwa mwenye kuzielewa, lakini tukizitumia hivi tunaigeuza subira kuwa biashara: naweka jasho leo, kesho nitoe sifa. Na biashara hiyo ina kasoro tatu.

Kwanza, wako wengi waliosubiri kama yeye na hawakuila hiyo mbivu. Pale Felgueiras, Fonte hakuwa peke yake uwanjani. Walikuwako wengine katika ngome ile ile, wakiamka asubuhi ile ile, wakivaa viatu vya matope yale yale, wakidai fedha katika klabu ile ile iliyokuwa ikizama. Wengi wao majina yao hayakuvuka mipaka ya nchi yao. Tukisema kwamba Fonte alifanya vizuri kwa sababu baadaye alishinda kombe, basi tunasema kwamba hao wengine, kwa kazi ile ile, walifanya vibaya kwa sababu hawakulishinda. Je, hiyo ni insafu?

Pili, tazama jinsi ushindi wenyewe ulivyoning'inia kwenye uzi. Katika fainali ile, dakika tisini zimekwisha, zimebaki zile chache anazoongeza mwamuzi, mshambuliaji wa Ufaransa aitwaye Gignac alimgeuza beki ndani ya eneo la hatari, akapiga. Mpira ukampita mlinda mlango, ukagonga mwamba wa goli, ukarudi uwanjani. Upana wa vidole vichache tu. Ungalikwenda kidogo upande, Ufaransa ingalishinda, Éder asingalipata dakika yake, na Fonte angaliitwa beki wa timu iliyoshindwa. Nakuuliza: katika hali hiyo, kazi yake ya dakika tisini zilizotangulia ingalikuwa imeharibika? Miguu yake ingalikuwa haikukimbia, macho yake yangalikuwa hayakuangalia? Kama matokeo ndiyo kipimo cha mtu, basi siku ile hakimu wa kumhukumu alikuwa ni mwamba wa goli. Na mwanadamu hakuumbwa ahukumiwe na mwamba wa goli.

Tatu, na hili ndilo kubwa: kazi aliyoifanya Felgueiras mwaka 2004 ilitimia pale pale ilipofanywa. Alikuwapo jukwaani fundi viatu, amechoka kwa kazi ya juma zima, amekuja kuitazama timu ya mji wake. Kijana mmoja kati ya ngome alirukia mpira, akautoa, lango likasalimika, na fundi yule akarudi nyumbani na furaha yake. Furaha ile ilikuwa ni kamili jioni ile. Kombe la 2016 halikuja kuizidishia kitu, na lau lisingalikuja lisingaliipunguzia kitu. Kazi njema si mbegu tu ya kungojea mti. Kazi njema yenyewe ni tunda, na mwenye njaa alikwisha kulila.

Kilicho mkononi na kisicho mkononi

Huenda ukaniambia: "Mzee, ikiwa matokeo hayahesabiwi, basi beki mvivu na beki hodari ni sawasawa? Wote wakifungwa, tuwape mkono?"

La. Sikusema hivyo. Matokeo hutafutwa, na asiyeyatafuta anacheza mchezo mwingine. Nilichosema ni kwamba mtu hupimwa kwa kilichomo mkononi mwake. Na mkononi mwa beki mna mengi: kusimama mahali pake, kumtazama mtu wake asimwache japo kufumba na kufumbua, kumwita mwenzake anapomwona amezubaa, kukimbia dakika ya themanini na nane kama alivyokimbia ya nane, kukiri kosa lake pasi na kumtupia mlinda mlango. Hayo yote ni yake, nayo yanaonekana kwa mwenye jicho, hata timu ikifungwa. Mvivu ameyaacha yaliyo mkononi mwake. Hodari ameyatimiza. Baada ya hapo mpira wagonga mwamba, au wateleza ukaingia, na hilo si lake tena.

Na ndiyo maana nasema subira si kungoja. Huyu Mreno hakukaa Lisbon mlangoni mwa Sporting akilia kwamba wamemwonea. Walipomfungia alikwenda Felgueiras. Felgueiras ilipokufa akaenda Setúbal. Benfica ilipomsajili isimchezeshe, hakuridhika kuwa jina katika orodha. Akaenda palipokuwa na kazi. Na ilipobidi kushuka daraja ili awe na manufaa, alishuka. Kuna watu, msomaji, ambao huchagua kuwa bure mahali pa juu kuliko kuwa na faida mahali pa chini. Cheo kimekuwa kikubwa na kazi imekuwa hakuna. Kushuka si kuanguka. Anayeanguka hana hiari. Anayeshuka anajua anakoweka mguu.

Basi ukitaka kujua kama uvumilivu wako, au wa mwanao, ni subira au ni ukaidi tu, jiulize mambo mawili. Je, kazi hii inamfaa mtu leo, au faida yake yote iko katika ndoto ya kesho? Na je, wanaokutegemea wanapata haki yao, au wewe wavumilia na wao ndio walalao na njaa? Kijana anayesema "nitakuwa mchezaji mkubwa" huku amemwachia mama yake mzigo wa kumlisha hadi ana miaka thelathini, huyo hasubiri, anasubirisha watu. Lakini kijana anayecheza timu ya mtaani, akailinda ngome yake kwa uaminifu, na Jumatatu akaenda kazini kwake, huyo hana deni kwa mtu, hata asipoitwa na klabu yoyote ulimwenguni.

Sifa isiwe badala ya ujira

Hapa pana hatari, na singependa uiache kurasa hii bila ya kuijua. Maneno haya ya kusifu kazi isiyoonekana, mdhalimu huyapenda sana. Tajiri asiyetaka kulipa ndiye wa kwanza kukuhubiria kwamba kazi ni heshima, kwamba usitazame fedha, kwamba utazame moyo. Basi sikiliza kisa hiki.

Mwaka 2012 klabu ya União de Leiria, iliyokuwa wakati huo katika daraja la kwanza la Ureno, ilikuwa haiwalipi wachezaji wake. Mwisho wa Aprili wachezaji wengi wakavunja mikataba yao. Tarehe 29 ilipofika, kukawa na mechi dhidi ya Feirense, Leiria iliingia uwanjani na watu wanane. Wanane kwa kumi na mmoja. Wakafungwa mabao manne kwa sifuri. Msimu ulipokwisha klabu ikashuka, na msimu uliofuata ikaonekana katika daraja la tatu.

Watu hubishana: nani alikuwa na haki, walioondoka au wale wanane waliobaki? Mimi naona swali hilo limeulizwa upande usio wake. Walioondoka hawakuvunja ahadi. Ahadi ilikwisha kuvunjwa siku mshahara ulipozuiwa, wao walichukua vipande vyao tu wakaenda zao. Waliobaki nao hawakukosa. Waliilinda ngome kwa watu wanane na hapana awezaye kuwadai zaidi. Mwenye makosa hakuwamo uwanjani kabisa. Alikuwa ofisini. Lakini macho ya watu yalikuwa uwanjani, wakihesabu mabao, na hivyo ndivyo ilivyo desturi ya dunia: anayeonekana ndiye anayelaumiwa.

Kwa hiyo tushike mambo mawili pamoja, lisije moja likamla mwenzake. Mfanya kazi aseme: thamani ya kazi yangu haitokani na ujira wala na sifa. Na mwajiri aseme: thamani ya kazi yake hainipunguzii mimi deni hata senti moja. Neno la kwanza likisemwa na mfanya kazi ni utu. Neno hilo hilo likisemwa na mwajiri, kwa kutaka kukwepa la pili, ni wizi.

Turudi nyumbani

Nilianza na mlinzi wa ghala na mama wa nyumbani, na kwao narudi. Katika kila nyumba yumo beki. Yumo mtu ambaye kwa sababu yake jambo fulani halikutokea: ugomvi haukuwaka, chakula hakikuharibika, mtoto hakuchelewa shule, mgonjwa hakusahau dawa yake, siri ya nyumba haikutoka nje. Mtu huyo hana bao. Jioni wote wakikaa, mmoja husimulia alichouza, mwingine husimulia alichosoma, na huyu hunyamaza, kwa kuwa ya kwake hayasimuliki. Ni yale ambayo hayakuwa.

Basi, ndugu msomaji, leo usiku fanya jambo moja dogo. Tafuta katika nyumba yako ni nani mwenye kuzuia. Usimwambie kwamba subira yake itakuja kulipwa, maana wewe hujui kama italipwa, na ahadi ya asiyejua si ahadi. Mwambie tu: "Niliona." Umtajie jambo moja ambalo halikutokea kwa sababu yake. Na kama una deni lake, mlipe.

Na kama wewe mwenyewe ndiwe huyo, na hapana aliyekutajia, basi mkumbuke yule kijana wa Penafiel katika uwanja wa Felgueiras mwaka 2004. Siku ile hakuwa bingwa wa Ulaya. Alikuwa beki wa klabu yenye madeni, katika daraja la pili, akiruka kuutoa mpira langoni mwa mji wa mafundi viatu. Hakujua litakalokuja baada ya miaka kumi na mbili, wala sisi hatukulijua. Aliruka kwa sababu mpira ulikuwa unakuja na pale palikuwa mahali pake. Hilo lilitosha siku ile, na lingalitosha hata kama lingekuwa ndilo la mwisho tulilolisikia juu yake.